Njoo kabla hawajalikata

Asalaam aleikum mzee mwenzangu,

Za masiku? Huku wazima, korosho tumeshapuliza salfa mpaka kifua kinanibana, mama Zuwena anakusalimia, Koplo Kipara naye yupo na bado anadai hela yake ya baiskeli. Kimya chako nimekusamehe maana hata mie sijakuandikia tangu tumzike Sajini. Natumia simu ya mjukuu, herufi ndogo balaa, nikikosea we soma kwa kukisia. Haya, kaa chini kwanza.

Shaibu, mtoto wa dada yangu, yule aliyeacha ufundi, kaniletea bomu nyumbani. Bomu kweli ndugu yangu, kombora la mzinga la ile vita ya Mjerumani na Mwingereza, Vita Kuu ya Kwanza, kalichimba huko Mahiwa, kalifunga kwenye kanga ya mama yake wakapakiana bodaboda watatu, dereva, Shaibu na bomu katikati, mpaka hapa Nyangao. Na mashimo ya njia ile unayajua. Kaingia uani anachekelea, mjomba wewe ulikuwa mizinga, hebu tuambie hili linafunguliwaje.

Nikamwambia liache hapo hapo na uondoke taratibu. Lipo kwenye lile banda la jiko la zamani, mbuzi nimewahamisha, watoto wote wanalala kwa shemeji, mama Zuwena ndo kagoma kuhama anasema kitanda chake ni kitanda chake.

Kisa chote ni dhahabu. Kuna jamaa katoka Dar na mashine ya kupimia, inalia pii pii kila penye chuma, sasa Mahiwa chuma kipo kila mahali kwa hiyo inalia mchana kutwa na vijana wanachimba mchana kutwa. Kawaambia Mjerumani alizika mali pale akikimbia, na kwamba ndani ya makombora kuna zebaki nyekundu, kilo moja unanunua lori. Zebaki nyekundu! Mie nimeshika makombora tangu kijana na wewe umeyategua, uliwahi kuona? Ndani ya kombora kuna kitu kimoja tu na hakiuziki.

Nikawauliza mnajua pale palitokea nini? Hakuna anayejua, na wamezaliwa hapo. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 mpaka 18, Waingereza wametokea upande wa Lindi na Wanaijeria, KAR (wale askari Waafrika wa Mwingereza) na Wahindi, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Mjerumani, ana watu kama 1,500 na wengi ni askari weusi. Siku nne watu wanachinjana kwenye vichaka vile vile tunavyookotea kuni. Mwingereza akapoteza watu wapatao 2,700, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, Mjerumani 500 na kitu. Alishinda, lakini alishinda akaishiwa, risasi za baruti isiyo na moshi karibu zote zikaishia pale, zikabaki za ile bunduki ya zamani, Mauser ya 1871, ambayo ukipiga moja tu wingu la moshi linasimama juu ya kichwa chako, adui wala haulizi umelala wapi. Na wapagazi hapo hata siwahesabu, wale ndo walikwisha kweli kweli na hakuna anayewataja.

Mwezi uliofuata kule Chiwata na Nambindinga Lettow akaacha wagonjwa na majeruhi kwa mamia, dawa hana, chakula hana, tarehe 25 Novemba akavuka Ruvuma akawavamia Wareno pale Ngomano, Msumbiji, apate bunduki na risasi za kuendelea kupigana. Sasa mtu mpaka risasi anamnyang'anya Mreno, huyo ndo kaacha kasha la dhahabu Mahiwa?

Jamaa wa Dar akaja na hoja ya zile sarafu za tembo. Ni kweli zilikuwepo, za rupia 15, zilipigwa Tabora 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Lakini Tabora iko wapi na Mahiwa iko wapi, na Tabora yenyewe Wabelgiji waliiingia Septemba mwaka huo huo. Nikamwambia tena, angekuwa na dhahabu angewalipa askari wake. Vita imeisha wametawanyika na vyeti vya madai tu, mpaka 1964 ndo Ujerumani Magharibi ikaamua kuwalipa wazee waliobaki, na inasimuliwa kwamba kule Mwanza waliokuja bila karatasi walipewa ufagio washike kama bunduki, wakapigiwa amri za Kijerumani, na hakuna aliyekosea. Unajua Shaibu kanijibuje? Eti hawakulipwa kwa sababu dhahabu ilikuwa imezikwa. Nikaenda kunywa maji.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Nililiinamia bomu kwa mbali na tochi, ule ukanda wa shaba kiunoni una michirizi. Umeelewa. Lilishapita kwenye mtutu hilo, lilirushwa likatua likakataa kulipuka. Vijana wanadhani bomu lililokataa ndo limekufa. Nimewaeleza mpaka koo limekauka kwamba fyuzi, kile kiwashio chake, ina kufuli, mzinga ukipiga, ule msukumo na kule kuzunguka ndo vinafungua kufuli, sasa hili limeshafunguliwa toka 1917 na tunachosubiri ni mtikisiko. Halafu kama ni la Mwingereza wengi walijaza ile baruti ya njano, asidi ya pikriki, wewe mwenyewe ndo ulinifundisha kwamba ikikaa na chuma inazaa chumvi kali kuliko baruti yenyewe. Miaka zaidi ya mia ndani ya udongo wa bonde la Lukuledi, mvua na jua! Na wao wanataka kulikata na msumeno wa chuma, kichwa wauze skrepa kwa sababu ni shaba, ndani watoe hiyo zebaki yao.

Nikawakumbusha mabomu ya jeshi yalivyolipuka Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto Februari 2011. Yale yalikuwa ghalani, yana walinzi, na bado tulizika watu. Mmoja akaniambia mzee hizo ni habari za Dar. Haya.

Nimeripoti ofisi moja hapa, siitaji, nikaambiwa andika barua ieleze ukubwa wa kitu na thamani yake. Thamani yake! Barua nimeandika, sasa wanasema anayepokea yuko semina. Polisi wamekuja wawili, vijana wazuri, wamepiga picha, wamesema watawasiliana na jeshi, mie naamini watafanya, lakini jamaa wa Dar hasubiri mtu na jana jioni kaonekana anazunguka nyuma ya banda langu. Usiku nakaa nje na tochi na panga, na sikio la kushoto unajua lilibaki vita ya Uganda na zile roketi zetu za saba saba, mtu akipita upande huo ndo basi tena.

Kwa hiyo naomba uje. Wala sitaki uliguse, miaka yetu imepita na mikono inatetemeka, nataka hawa watoto wakuone. Mie wanasema naogopa. Wewe wakiona huo mguu, ukawasimulia Zambezia kule Msumbiji 1987, yule kijana wetu aliyeokota kitu barabarani akidhani kopo la... haya sitaki kuandika. Msumbiji yenyewe imetangazwa haina mabomu ya kutegwa 2015, hebu piga hesabu ni miaka mingapi watu walikuwa wanakatika miguu mashambani. Ukisema wewe watasikia.

Na wale vijana wa uhandisi medani, wategua mabomu wa jeshi uliokuwa unawafundisha, bado una namba zao? Kuna aliyebaki Mtwara anayeweza kusukuma hili jambo lisikae mezani? Picha nikutumie au mtandao wa huko mlimani bado mpaka upande juu ya mwembe? Maji Newala yanatoka au ndo bado mnanunua kwa dumu? Pensheni imeingia, maana yangu imechelewa na sijui ni mie peke yangu? Mguu unavumilia basi mpaka Masasi? Ukishuka hapo nitakutumia kijana mwenye pikipiki, si Shaibu usiogope. Unaweza kesho kutwa?

Nijibu kwa maandishi, ukipiga mchana nitakuwa nimelala.

Baba Zuwena
Nyangao