Kwako Mdogo Wangu, Uliyerudisha Kitabu Kimyakimya

Mdogo wangu mpenzi,

Kitabu, ile riwaya ya fantasia yenye dunia ya kubuni, nimekipata. Nimekikuta mezani, kile kipande cha karatasi ulichowekea alama kikiwa bado ukurasa wa 87. Hukusema kitu, nami sikuuliza. Nakuandikia hadharani kwa sababu hauko peke yako: wengi hunyamaza wanapoona riwaya inayosifiwa na kila mtu imewashinda.

Hukunikosea hata kidogo. Kilichoniuma ni huo ukimya.

Nimeufungua ukurasa huo nikausoma upya. Wasafiri watatu wameuzunguka moto, na mzee mmoja anasimulia nasaba ya wafalme, jina baada ya jina, kurasa nne nzima. Nilipopita hapo mara ya kwanza nilikuwa nimeshaipenda ile dunia, hivyo kila jina nililipokea kama habari za jamaa. Wewe ulikuwa bado mgeni umesimama mlangoni, unasomewa marehemu wa watu usiowajua. Ningekuwa wewe, pengine nami ningegeuka.

Naona ugomvi mwingi juu ya riwaya za fantasia huanzia hapohapo, mwanzoni. Mwandishi anadai uvumilivu kabla hajakulipa chochote. Tolkien, mwandishi Mwingereza, alipotoa riwaya yake ya fantasia, The Lord of the Rings, kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955, Edmund Wilson, mhakiki mwenye jina kubwa Marekani, aliiita takataka ya kitoto. Mshairi W. H. Auden akaisifu waziwazi. Kurasa ni zilezile, na hakuna kati yao unayeweza kumwambia hajui kusoma.

Za taharuki, ugomvi wake huwa mwishoni. Zenyewe hukukamata tangu aya ya kwanza, kisha zinakudai imani: utembee gizani ukitumaini kwamba mwandishi hatakudhulumu. The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie ilipotoka 1926, wapo walioona wamelaghaiwa (muuaji sikutajii ng'o), na wapo wanaoihesabu hadi leo miongoni mwa kazi zake bora. Mimi ni wa hao wa pili. Nilipomaliza nilirudi nyuma, nikakuta dalili zilikuwa zimelala wazi kwenye sentensi nilizozipita mbio. Lakini Gone Girl ya Gillian Flynn, ya 2012, iliniacha njia panda. Mwisho wake ulinikera siku kadhaa, na bado naufikiria.

Ndiyo maana ukiniambia tu "kinachosha", au ukikipa nyota mbili, sijui nikujibu nini. Ukurasa wa 87 nao umeniambia mengi. Umenionyesha kwamba mwandishi ninayempenda anawaamini mno wasomaji wake, na kwamba zile kurasa nne angeweza kuzisogeza mbele, baada ya mzee yule kufariki, pale ambapo tungezitamani. Nimekisoma kitabu hicho mara tatu na sikuwahi kuliona hilo.

Nimekuachia kingine chumbani kwako. Ni cha taharuki, chembamba, na ndani yake nimetia penseli. Kikikushinda, kiache, ila andika pembeni palepale kilipokushinda, hata kama ni neno moja. Nitalisoma kabla sijafungua mdomo kukitetea.

Dada yako akupendaye.