Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mombasa

Ndugu wanachama wa Tudor (Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa) na wa Kilifi (Chuo Kikuu cha Pwani),

Kila mwaka taarifa hii huanza na hesabu. Mwaka huu naanza na karatasi moja ambayo haikutiwa sahihi, kwa sababu najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu leo, na barua tatu nilizoandikiwa na wanachama zote zinaihusu.

Mechi ya marudiano ya soka ya wanaume baina ya vyuo vyetu viwili ilipangwa kuanza saa tisa alasiri kwenye uga wa Tudor. Wenzetu wa Kilifi walitoka kwao mapema, wakavuka daraja lao, wakaja vizuri mpaka Mtwapa, wakakwama. Anayeitumia barabara hiyo tangu ianze kupanuliwa hahitaji kuelezwa. Malori ya kokoto yamejipanga, matatu zinapanda ukingoni, na vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Saa tisa refa alipuliza kipenga na kuuweka mpira katikati, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Saa tisa na nusu, kwa mujibu wa kanuni tuliyoipitisha wenyewe, akatoa fomu ya ushindi wa mezani, mabao mawili kwa nunge, akamwita nahodha wa Tudor aitie sahihi.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka pale. Nahodha alipokea kalamu, akaisoma fomu kutoka juu hadi chini, kisha akakaa kwenye nyasi na kuanza kulegeza kamba za njumu zake. Refa akamwuliza kama anaielewa kanuni. Akajibu, "Naielewa, mwalimu. Lakini dada yangu ameolewa Kilifi. Idi nikienda kula kwake, nikamwambie shemeji kwamba nimemfunga kwa kalamu?" Akairudisha kalamu.

Basi la Kilifi liliingia saa kumi na robo. Vijana waliteremka wakiwa wameshavaa jezi, wengine wakifunga kamba huku wanakimbia, na baada ya dakika tano mpira ulikuwa unachezwa. Ilikuwa mechi nzuri kuliko zote nilizoziona tangu nikalie kiti hiki. Tudor walipiga mwamba mara mbili kipindi cha kwanza. Dakika za nyongeza, jua likiwa limeshainama upande wa bara, Kilifi wakapata kona, mpira ukapigwa kichwa, ukaingia. Bao moja kwa nunge, wageni wakashinda, watu wakatawanyika kuwahi Magharibi.

Barua tatu zote zinasema nahodha aliwanyang'anya wenzake ushindi uliokuwa halali yao. Moja inataka avuliwe kitambaa. Nyingine inasema mimi nilikuwapo na ningepaswa kumwamuru atie sahihi. Ni kweli nilikuwapo, na ni kweli sikumwamuru, wala kesho sitamwamuru.

Sababu yangu ni hii. Ushindi wa mezani tuliuweka kwa ajili ya timu inayokimbia mechi. Timu iliyokaa ndani ya basi Mtwapa, dirisha wazi, mmoja wao akipiga simu kila baada ya dakika chache kusema sasa tumefika wapi, haijakimbia kitu. Baina ya vyuo vyetu kuna kama kilomita 60 na madaraja matatu: Nyali, Mtwapa na Kilifi. Msimu mmoja wanavuka wao, msimu mwingine tunavuka sisi. Ikiwa Tudor watashinda kwa foleni ya Mtwapa mwaka huu, mwakani Kilifi watashinda kwa foleni ya Nyali, na baada ya miaka mitatu tutakuwa na kabati limejaa fomu na uga umeota magugu. Mtani asipofika, hata ushindi huna. Umebaki na alasiri tupu.

Kwa hiyo kamati haitamchukulia nahodha hatua yoyote. Badala yake inaleta kwenu pendekezo la kubadilisha kanuni, na naomba mlipigie kura leo: muda wa kungoja uwe saa moja na nusu badala ya nusu saa, mradi timu mgeni iwe imeondoka kwao kwa wakati na meneja wake awe anapiga simu kueleza walipo. Ikipita saa kumi na nusu hawajaonekana, mechi iahirishwe na ichezwe siku nyingine, kwa kuwa baada ya hapo mwanga hautoshi. Fomu ya ushindi wa mezani ibaki kwa wale tu wasiotoka kabisa. Kanuni hii ingekuwapo siku ile, kijana asingelazimika kuchagua baina ya karatasi na heshima yake mbele ya umati.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limeniuma zaidi ya hilo.

Mechi ya kwanza, kule Kilifi, kikundi cha wanachama wetu kiliimba wimbo uliotukana mama za watu na makabila ya watu. Sitasema walivaa jezi gani. Wenyewe wanajijua, na waliokuwapo wanawajua. Palikuwa na wazee wamekaa chini ya mwembe, palikuwa na watoto, na nilimwona mama mmoja akimchukua mwanawe mkono na kuondoka kabla ya mapumziko.

Sisi ni watani wa jadi, na utani wetu una utamu wake. Kilifi wanawaita Tudor mafundi wa spana, wanawauliza kama wamekuja kucheza au kutengeneza jenereta. Tudor wanajibu kwa kuwauliza wakulima mihogo imefikia wapi, kwani kila mtu anakumbuka kwamba Chuo Kikuu cha Pwani kilianzia kwenye taasisi ya kilimo. Tudor hujiita kaka mkubwa, na wana hoja: chuo chao kilianzia kwenye Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo wazee bado wanaiita MIOME, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza 1951, ikaja kuwa Mombasa Polytechnic 1972. Kilifi hujibu kwamba umri wa shule na umri wa chuo kikuu ni vitu viwili. Wote walifanywa vyuo vikuu vishiriki 2007, Tudor chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Kilifi chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wote wakapewa hati zao 2013. Kaka gani huyo, wanauliza, aliyezaliwa siku moja na mdogo wake? Hoja hii imebishaniwa barazani tangu tuanze chama na sitaki iishe. Mtu akiambiwa fundi au mkulima anacheka, kwa sababu ufundi na ukulima si aibu. Akitukanwa mama yake hana cha kujibu isipokuwa ngumi.

Pwani hii haikuanza kushindana jana. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19, aliutetea mji wake kwa mashairi, na upande wa pili wakatafuta wa kumjibu. Babu zetu wa enzi za ngoma za beni waligawana mitaa pande mbili, kila upande na tarumbeta zake na sare zake, wakatumia mali kushindana nani atapendeza zaidi. Mpinzani alitakiwa aone na asikie, kisha arudi kwao akatunge jibu. Wimbo ule ulioimbwa kule Kilifi haukuacha nafasi ya jibu.

Kamati iliwaita viongozi wawili wa kikundi kile na kuwafungia kuhudhuria mechi zetu mpaka mwisho wa msimu. Wameomba radhi kwa maandishi, na mmoja wao aliomba ruhusa ya kwenda Kilifi mwenyewe kuwaona wale wazee. Alikwenda, akapokewa, akapewa chai. Yuko nasi ukumbini leo, na naomba asisumbuliwe. Kikundi kimekubali nyimbo mpya zisikilizwe kwanza na watu wawili, mmoja kutoka kila upande, kabla hazijaimbwa ugani. Baadhi yenu mmesema huo ni udhibiti. Niliposikia kiitikio chao kipya, kile cha jenereta iliyokosa mafuta, nilicheka, na Kilifi nao wakacheka.

Mechi za wanawake. Kwa upande wa mpira mambo ni mazuri, na Kilifi wanatuzidi kwa mbali, tukubali tu. Kule kuna wasichana waliokua ndani ya Moving the Goalposts, shirika lililoanza huko 2001 kuwafundisha wasichana soka, na ukimwona beki wao wa kushoto anavyoupokea mpira kwa kifua bila kuutazama, unajua huyo hakuanzia chuoni. Tudor wameanza mazoezi mara mbili kwa wiki na tofauti inaonekana.

Lakini siku ya mechi ya kwao hapa Mombasa, wachezaji wa timu zote mbili hawakuwa na mahali pa kubadilishia nguo. Nilipopita nyuma ya basi niliwakuta wanawake wanne wameshika leso mbili, kila mmoja ncha moja juu na ncha moja chini, wamewazungushia wenzao ili wavae jezi. Upepo wa kusi unazipeperusha zile leso, wanazivuta, wanacheka ili wasilie. Wanaume walipewa chumba. Kamati ndiyo iliyogawa vyumba na mimi ndiye mkuu wa kamati, kwa hiyo naomba radhi kwa wote walioshikishwa leso siku ile. Kuanzia sasa chumba kikiwa kimoja ni cha wanawake, na wanaume watabadilisha nguo kwenye basi. Tumeshanunua hema dogo pia, kwa dharura.

Hesabu atazisoma mweka hazina, na zimekaguliwa. La kusema ni kwamba nauli za basi ndizo zilizokula fedha nyingi kuliko kitu kingine, na kwamba wanachama wanaolipa ada kwa wakati wanawabeba wale wanaolipa siku ya mkutano mkuu mlangoni. Mnajuana.

Tumempoteza mmoja wa waasisi wetu, kipa wa zamani wa Tudor, aliyekuwa akisimama nyuma ya goli la Kilifi kila mechi akimfundisha kipa wao pa kusimama. Watu wake walimgombeza kwa hilo miaka yote. Mazishini vijana wa Kilifi walikuja na basi zima. Mungu amrehemu.

Mwisho, kombe. Mwanachama wetu mmoja aliyesomea Marekani alitueleza kuhusu vyuo viwili vya North Carolina, Duke kilichoko Durham na kile cha Chapel Hill, vilivyotengana kwa kama kilomita 16 tu, karibu kuliko sisi. Katika kandanda yao ya Kimarekani wanagombea kengele tangu 1948. Anayeshinda huichukua, na kigari chake hupakwa rangi ya buluu ya mshindi, maana vyote viwili huvaa buluu, kimoja iliyokoza na kingine ya angani. Kengele inakwenda na kurudi, na kila mtoto wa pande zile anajua mwaka huu iko wapi.

Hadithi hiyo ilimfika mwanachama mwingine anayefanya kazi bandarini, naye akatuletea kengele ya shaba ya tishari la zamani. Ni nzito, imeota kutu ya kijani pembeni, na haina ulimi. Kamati imekubali iwe kombe letu kuanzia msimu huu, ivuke madaraja matatu mgongoni mwa mshindi. Na kwa kuwa matokeo ya Tudor yanasimama kama yalivyochezwa, inakwenda Kilifi.

Kuichongea ulimi tumemwomba fundi chuma wetu, mtu wa Tudor damu damu, na ndiye mwandishi wa mojawapo ya zile barua tatu. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kisha akaniuliza kengele ina kipenyo gani, akasema niilete Jumatatu.

Mwenyekiti,
Mombasa