Kwa mdogo wangu anayeyeyusha chubwi uani

Mdogo wangu,

Juzi nilipokuja kumjulia hali wifi, nilikaa jamvini nikaitazama kazi yako ya kuyeyusha madini ya risasi kuwa chubwi, vile vizito vya kuzamishia mishipi, mpaka mwisho, kimya. Kumkosoa mwanamume uani kwake, mbele ya mama na wenzake wa chomboni, ni kumvunjia heshima. Halafu, tusidanganyane, harufu ile ilinirudisha kwa baba, nikawa mtoto tena. Ninaandika hadharani kwa sababu ua kama wako si mmoja katika pwani hii.

Betri kuukuu ilipasuliwa kwa shoka, vibamba vyake vikakung'utwa na kutiwa sufuriani. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327, na makaa huifikisha hapo bila taabu. Ukaengua ule utandu wa kijivu kwa kijiko, ukaukung'uta shinani mwa mpapai, iliyobaki ukaimimina kwenye vishimo vya mchanga. Chubwi kumi na nne, zinang'aa kama fedha. Wifi alikuwa hatua nne kutoka hapo, anachagua mchele, tumbo la miezi mitano. Ulipomaliza akainuka, akachukua ufagio, akafagia.

Usiku ule sikulala kwa sababu ya ufagio, na vumbi la risasi ulilomrushia.

Najua utakalosema: baba aliyeyusha maisha yake yote na sisi tupo. Tupo, ndiyo. Lakini risasi ni sumu isiyo na haraka. Zaidi ya asilimia 90 ya ile iliyomo mwilini mwa mtu mzima imejificha kwenye mifupa, na hukaa humo miaka na miaka. Mwanamke akishika mimba, mwili huchota kalsiamu popote ilipo ili mtoto ajengeke, na risasi hutoka pamoja nayo, maana mwili huidhania kalsiamu. Mimi niliyepepea jiko la baba nikiwa na miaka minane nilikuja kuwabebea wanangu mimba na mifupa ile ile. Kondo la nyuma haliizuii. Kiasi kilichomo kwenye damu ya mama, kwa mtoto hupungua kidogo tu. Na kwa mtoto ndiko kwenye ubongo unaojiunga sasa hivi, unaotumia kalsiamu kupelekeana habari. Inapoingia kwa wingi, mimba huweza kuharibika. Ikiwa kidogo, mtoto huzaliwa mzima, analia vizuri, watu wanashangilia. Upungufu huja kuonekana shuleni, asipoweza kutulia na somo moja.

Unakumbuka mwanangu wa pili alivyochelewa kusema. Miaka mitatu na nusu, maneno sita. Mimba yake niliilea kwa baba, jirani na jiko lile. Sisemi ni chubwi. Hakuna aliyempima, na watoto huchelewa kusema kwa mambo mengi. Ila nakumbuka niliyoambiwa: nilikula mayai, nilitembea magharibi, nilipita chini ya mbuyu. Sababu zote zilikuwa zangu. Jiko halikutajwa hata mara moja.

Hapa Mombasa tuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi pale mwaka 2007, kikafungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alianza kupiga kelele mtoto wake alipougua akakutwa na risasi kwenye damu. Wanawake wa mtaa wakasimulia mimba zilizotoka. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikapanda na kushuka, hadi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia hiyo. Angalau wale walikuwa na wa kumshtaki. Wifi amshtaki nani?

Ameshakwambia mara mbili kwamba moshi unamkera, nawe ukamjibu arudi kwao kama hauwezi. (Si yeye aliyenieleza, ni mama, kwa hiyo usiende kumgombeza.) Hapo ndipo uliponiudhi hasa. Chubwi ni riziki, naelewa, za dukani ni ghali. Lakini mwanamke anayeogopa kusema "hamisha jiko" atamkinga vipi mtoto? Na wasiwasi wenyewe, ukidumu miezi na miezi, humweka mja mzito karibu zaidi na kuzaa kabla ya wakati.

Kliniki watampima damu, mkojo na presha. Risasi haimo katika vipimo vya kawaida, kwa hiyo usisubiri karatasi ikwambie. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kazi ile ikome pale nyumbani, na nguo ulizoifanyia zisifuliwe pamoja na za wengine. Ua umwagiwe maji kabla ya kufagiwa, na afagie mtu mwingine. Wifi ale dagaa na mifupa yake, uji wa wimbi, maziwa yakipatikana, na vidonge vya damu asiviache, kwa sababu mwili wenye upungufu wa madini ya chuma na kalsiamu hufyonza risasi zaidi. Ule udongo anaoutafuna pia umewahi kupimwa sehemu kadhaa za Afrika ukakutwa na risasi. Usimkaripie, hamu ya udongo mara nyingi huandamana na upungufu huo huo wa damu.

Jumamosi nakuja. Fundi wa gereji hapa mtaani amenipa nati na boliti mbovu, nusu gunia, uzifunge badala ya chubwi. Chuma ni chepesi kuliko risasi, pengine utafunga mbili badala ya moja, na nakujua, utanung'unika mpaka Ijumaa ya pili. Lakini ile sufuria nataka niikute imetengwa. Usiiuze wala usimpe mtu. Niliiona imetundikwa pamoja na ya kuchemshia maziwa.

Dadako