Barua ya wazi kwa Afisa Michezo wa Mkoa wa Mbeya: nani asaini kijana arudi uwanjani?

Ndugu Afisa Michezo,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba tutapeana tukionana.

Mimi ni yule mzee wa begi. Ukipita viwanja vya mchangani hapa Mbeya, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, utanikuta mwisho wa benchi na koti zito, begi jekundu miguuni. Vijana wananiita Dokta. Si daktari. Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31, nikastaafu, na hilo jina nikapewa kwa sababu ndiye ninayekimbia refa akinyoosha mkono. Ndani ya begi mna dawa ya kupulizia, bandeji, plasta, mkasi, glukosi, chupa mbili za maji, na barafu kwenye mfuko wa nailoni ambayo kwa baridi yetu ya Julai haiyeyuki mpaka mechi inaisha. Hospitali yetu ndiyo hiyo.

Ningekuandikia kwa utaratibu, ile ya "husika na kichwa cha habari hapo juu", lakini barua hizo zina safari yake masjala, na hili nataka walisome pia makocha, wafadhili wa ndondo, haya mashindano yetu ya mtaani, na akina mama wa wachezaji.

Mwaka jana beki wetu wa kushoto alianguka. Hakuguswa na mtu. Mpira ulikuwa umetoka, anarudi kwenye nafasi yake kwa kutembea, mara magoti yakalegea akaenda chini kifudifudi bila kutanguliza mikono. Mtu aliyejikwaa hutanguliza mikono. Hilo ndilo lililonishtua hata kabla sijainuka. Nilipomfikia macho yako wazi, mkono wa kulia unarukaruka, anakoroma. Watu wakaanza: kifafa hicho! Mmoja akavua kiatu amnusishe. Mwingine wa upande wa pili akasema kamati yao ya ufundi, yaani waganga wao, imefanya kazi, wenzake wakacheka. Nikamgeuza chali, nikamshika shingoni, sikupata mapigo. Au vidole vyangu vilikuwa vimekufa kwa baridi, mpaka leo sijui. Nikaanza kukandamiza kifua huku nahesabu kwa sauti. Nilifika ishirini na kitu, akakohoa, akanishika mkono na kuniuliza, "Dokta, tumefungwa?"

Ule mkoromo na ile mikono kurukaruka vimeshadanganya wengi. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kukoroma na kutikisika kwa muda, watu wakamshika miguu, wakamtafutia kijiko, na kumbe kila dakika inayopita bila mashine ya kushtua moyo inamwondolea asilimia 7 hadi 10 ya nafasi yake ya kupona. Dakika kumi za kubishana kama ni kifafa au ni mkono wa mtu zinatosha kumaliza mambo.

Tulimpakia kwenye bajaji. Kituoni wakampima malaria, hana. Wakamtundikia dripu, wakaandika uchovu na njaa. Siwalaumu sana. Hawana kipimo cha umeme wa moyo pale, na mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anachati.

Siku ya tisa ilikuwa nusu fainali. Mshindi wa mashindano anachukua ng'ombe na seti ya jezi. Nikafika uwanjani, namkuta kijana anafunga njumu. Kocha akanionyesha karatasi yenye mhuri: yuko fiti. Nikauliza kapimwa nini. "Dokta, kapimwa presha, na mwenyewe anasema yuko fresh." Nilikataa kubeba begi siku ile. Nilisimama nyuma ya goli na hindi langu la kuchoma, nikamwangalia dakika zote 90 bila kutafuna hata punje. Hakuanguka. Tena alicheza vizuri mno, krosi ya bao la pili ilikuwa yake. Tangu hapo nikifungua mdomo naambiwa: si ulisema atakufa?

Sikusema atakufa. Nilisema hatujui, na hakuna mtu aliyepewa kazi ya kujua.

Nikueleze mapema, Ndugu Afisa, mimi si wa kusema aliyeanguka asicheze tena maisha. Wanarudi, na wengine wanarudi kwa kishindo. Rika langu linamkumbuka Kanu wa Nigeria. Mwaka 1996 alitoka Atlanta na dhahabu ya Olimpiki akiwa nahodha, akasajiliwa Inter Milan, na vipimo vya usajili vikaonyesha vali ya moyo ina hitilafu. Hakuwa ameanguka popote. Kipimo ndicho kilichomuumbua. Akafanyiwa upasuaji Marekani, mwaka 1997 akarudi kucheza, na miaka miwili baadaye alikuwa Arsenal.

Vijana wa leo watakutajia Eriksen, kiungo wa Denmark. Tarehe 12 Juni 2021, Denmark na Finland, Copenhagen, alianguka mpira wa kurushwa ukimjia, hakuna aliyemkaba. Wenzake wakamzunguka wakiwa wamempa mgongo ili kamera zisimwone, madaktari wakamkandamiza kifua, mashine ikamshtua mara moja, moyo ukarudi. Hospitali wakampandikiza kifaa kifuani, chini ya ngozi, kinachoulinda moyo na kuushtua chenyewe ukienda kombo. Watu wengi hadithi wanaishia hapo. Mimi inanivutia inapoanzia baada ya hapo. Klabu yake, Inter Milan, walikuwa wanamhitaji, yeye alikuwa anataka kucheza, fedha zilikuwepo, lakini taratibu za Italia hazimruhusu mwenye kifaa kile kucheza soka la ushindani, kwa hiyo Desemba 2021 mkataba ukavunjwa. Uingereza wana njia nyingine: wataalamu wa moyo wanamchunguza mchezaji mmoja mmoja, wanamweleza hatari, kisha uamuzi unafanyika. Klabu ya Brentford ya huko wakamchukua, akaingia uwanjani Februari 26, 2022. Juni 2024 akaifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia kwenye Euro. Nchi mbili, majibu mawili yanayogongana, ila kote kulikuwa na mtu wa kusema ndiyo au hapana na jina lake likabaki kwenye karatasi. Sisi tuna kocha na mhuri.

Kuna Muamba pia, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekuwa klabu ya Bolton ya Uingereza. Machi 17, 2012 moyo wake ulisimama uwanjani kwa Tottenham, na ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Daktari wa moyo aliyekuja kama shabiki aliteremka jukwaani kusaidia. Akapona, akashauriwa na madaktari, na Agosti mwaka uleule akastaafu akiwa na miaka 24. Miaka 24! Mimi huwa namweleza huyu kijana wetu kwamba Muamba naye alipenda mpira.

Na kuna Dwamena wa Ghana, ambaye nikimfikiria nakosa usingizi. Alikuwa na kifaa kama cha Eriksen. Akaamua kitolewe. Novemba 11, 2023, kwenye mechi ya ligi ya Albania, alianguka na hakuinuka tena. Alikuwa na miaka 28, sawa na Foé wa Cameroon aliyefia uwanjani Lyon mwaka 2003 huku dunia nzima ikitazama.

Damar Hamlin, yule wa mpira wa miguu wa Kimarekani, makocha wangu wananitolea sana kama mfano: Januari 2023 moyo ulisimama, Aprili akaruhusiwa. Kweli. Lakini yule alipigwa kifuani kwa kishindo, sekunde ileile mbaya katika mapigo, moyo ukavurugika. Madaktari walipomaliza kumchunguza ndipo wakamruhusu. Huyo ana sababu yake. Mwenye misuli ya moyo iliyonenepa kwa kurithi ana yake. Aliyeugua mafua makali yakaingia mpaka kwenye misuli ya moyo ana yake, na huyo huambiwa apumzike miezi, si siku tisa. Huku kwetu ongeza na mafindofindo yasiyotibiwa sawasawa utotoni, ambayo miaka baadaye huja kuharibu vali. Kutoka nje wote wanafanana: kijana aliyeanguka, akaamka, anauliza matokeo.

Wala usiambiwe ni mambo ya Ulaya. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, kijana wa timu ya vijana ya klabu ya Mbao alianguka kwenye mechi akafariki. Tulisikitika wiki nzima, tukaendelea na ligi.

Sasa ninachokuomba. Toa waraka mmoja, hata wa nusu ukurasa, uende kwa chama cha soka cha mkoa, wilaya zote na waandaaji wa ndondo: mchezaji aliyeanguka bila kuguswa hachezi mpaka apimwe umeme wa moyo na apigwe picha ya moyo, na anayesaini ni daktari wa moyo. Si kocha, si mfadhili, si zahanati, na si mimi. Mwandaaji atakayemchezesha afutiwe kibali. Hapo nimeomba wino na karatasi tu.

La fedha linakuja baadaye kidogo. Anayehitaji kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ana zaidi ya kilomita 800 mbele yake, basi la alfajiri, Kitonga, Mikumi, na ndugu wa kumsindikiza. Mama anayeuza viazi hawezi. Kwenye kila kiingilio mkikata shilingi mia ya nauli hiyo, mashabiki wa Mbeya hawatagoma. Wanalipa zaidi ya hapo kuegesha pikipiki. Na mashine ya kushtua moyo, hata moja, ikae mahali pa kujulikana na iazimwe kwa mashindano makubwa. Inaongea yenyewe, inamwambia mtu afanye nini, hata muuza karanga anaweza kuitumia. Kukandamiza kifua nitafundisha bure: marefa, manahodha, madereva wa bajaji. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, katikati ya kifua, kwa nguvu. Nipeni uwanja na Jumamosi moja.

Italia, kwa taarifa yako, tangu mwaka 1982 mwanamichezo wa mashindano hachezi kabla ya kupimwa, umeme wa moyo ukiwemo, na katika mkoa wa Veneto vifo vya ghafla vya wanamichezo vilishuka kwa asilimia 89 kati ya 1979 na 2004. Sikuombi Italia. Nakuomba walau wale ambao wameshaanguka mbele ya macho yetu.

Nimalizie na kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita timu moja ya ligi imemwita beki wetu kwenye majaribio. Akaja nyumbani na fomu ya afya. "Dokta, saini tu, mimi sina shida yoyote." Nikamwambia iache niisome. Jioni mama yake akaja na mkungu wa ndizi kichwani, nikajua amekuja kumwombea. Akakaa, akazungukazunguka na habari za mvua na bei ya mbolea, kisha akasema taratibu, "Baba, nisaidie usisaini. Kaka yangu alianguka hivihivi shambani Tukuyu, ana miaka ishirini na tisa. Tulisema amelogwa." Hakuwa amewahi kumwambia mtoto, wala daktari hakuna aliyemuuliza.

Fomu ninayo kwenye begi, kati ya bandeji na mkasi. Sehemu ya jina la daktari bado iko wazi. Majaribio ni mwisho wa mwezi. Jumatatu asubuhi nitakuja nayo ofisini kwako, na kijana mwenyewe nitakuwa naye, kwa hiyo tafadhali waambie wa mapokezi wasitushangae na begi letu jekundu.

Wako,
Mzee wa begi, Uyole, Mbeya