Malalamiko kuhusu ripoti ya ukaguzi wa nyumba, Sahare, Tanga

Sahare, Tanga
9 Juni 2025

Meneja,
Kampuni ya Ukaguzi wa Majengo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KENCHI NA UMEME MLIOANDIKA MMEVIKAGUA, NA MADAI YA KUREJESHEWA ADA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi Februari mwaka huu niliwalipa shilingi 650,000 mnikagulie nyumba ya sehemu mbili iliyopo hapa Sahare, ambayo nilitaka kuinunua kwa ajili ya kupangisha. Ripoti yenu ilisema nyumba iko katika hali nzuri, nami nikainunua. Mvua za masika zilipokolea, dari la sehemu ya nyuma likaanza kulegea na kuvuja, na yaliyoonekana baada ya fundi kulikata ndiyo yaliyonifanya niandike barua hii.

Nianze na sababu ya kuwaita, maana kwenye simu ofisa wenu alinieleza kana kwamba ukaguzi ni pambo tu la ununuzi. Hati niliishaifanyia upekuzi kwa Msajili, na mthamini wa benki alikwishapita. Lakini mthamini kazi yake ni kusema nyumba ina thamani gani sokoni. Hapandi darini wala hagongi zege. Upekuzi nao unakuambia mwenye nyumba ni nani na kama kuna deni juu yake. Hali ya jengo lenyewe ilibaki mikononi mwenu peke yenu. Na tangu bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima lipangiwe kuishia Chongoleani, nyumba za Tanga zinapakwa rangi upesi na kuuzwa upesi kuliko zamani. Mnalijua hilo, kwa sababu mmelitaja kwenye kipeperushi chenu.

Sasa dari, na mbao za paa zilizo juu yake: kenchi, yaani fremu za paa, na papi, mbao zinazopigiliwa bati. Ripoti inasema, nanukuu, "kenchi na papi zimekaguliwa, ziko imara, hakuna dalili za mchwa." Ndugu Meneja, siku ya ukaguzi nyumba ile haikuwa na tundu la kupandia darini. Muuzaji alikuwa amefunga jipsamu mpya nyumba nzima, chumba hadi chumba, baraza mpaka choo, bila kuacha hata mlango mmoja. Mkaguzi wenu hakuomba ngazi. Hakufungua bati hata moja kwa nje. Mimi nilikuwepo tangu alipoingia getini hadi alipoondoka kuwahi basi la mchana la kurudi Dar. Watu wa Tanga wana msemo wao wa "waja leo, waondoka leo", ila huyu aliondoka kabla hajafika nusu ya nyumba. Hizo kenchi alizionea wapi?

Fundi alipokata dari alikuta njia za udongo za mchwa zimepanda kutoka kwenye msingi, kupitia ufa wa ukuta wa nyuma, mpaka kwenye ncha za kenchi. Mbao ni za paina zisizotiwa dawa. Kwa nje zinaonekana nzima, kwa sababu mchwa wa ardhini hula ndani na kuacha ganda. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini bila kusukumwa kwa nguvu. Papi zilizoliwa hazishiki tena misumari, kwa hiyo upepo uliinua bati na maji yakapata pa kupita. Kuvuja kule ambako ofisa wenu alikuita "tatizo dogo la bati" kumeanzia chini ardhini.

Ofisa huyohuyo alinisomea kifungu cha ukurasa wa mwisho kinachosema kampuni haiwajibiki kwa sehemu zisizofikika. Nimekisoma. Nimesoma na ukurasa wa nne, wenye nafasi maalumu ya kuorodhesha sehemu ambazo mkaguzi hakuweza kuzifikia. Mkaguzi wenu amejaza hapo neno moja: "Hakuna." Kifungu kinawakinga kwa mlichosema hamkukiona. Hakiwezi kuwakinga kwa mlichoandika kwamba mmekiona. Laiti angeandika "dari limefungwa, kenchi hazikuonekana", ningekuwa nimepata thamani ya fedha yangu yote, kwa sababu ningemwambia muuzaji akate tundu kabla sijalipa chochote. Kukata tundu kwenye jipsamu na kuliziba ni kazi ya fundi mmoja asubuhi moja.

Umeme sitauzungumzia sana. Mmeandika kwamba soketi zote zimepimwa na waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, unafanya kazi. Siku ile LUKU, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa imekwisha, na muuzaji alisema hivyo mbele yetu sote huku akiomba radhi kwa joto. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, niliyemwita baadaye alikuta sehemu ya nyuma haina ethi kabisa: waya umefika kwenye soketi, lakini kule nje hakuna nondo iliyozamishwa ardhini. Mpangaji angeunganisha hita ya maji kwenye mfumo huo.

Kuhusu zege la juu ya baraza, nakiri kwamba hapa kuna nafasi ya wataalamu kubishana. Mkaguzi aliziona nyufa, akazipiga picha, akaandika "nyufa za plasta, hazina madhara". Mimi naona alikosea. Nyufa hizo zimenyooka, zinafuata mistari ya nondo, na zina michirizi ya rangi ya kutu. Nyumba iko karibu na bahari, na mtu yeyote aliyejenga mwambao anajua mchanga wa ufukweni usiooshwa unaingiza chumvi ndani ya zege. Chumvi inaamsha kutu kwenye nondo, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, ndipo zege linapasuka kutoka ndani. Nyundo ndogo ingetosha kumshtua: fundi wangu aligonga, na sehemu tatu zikatoa sauti ya uwazi. Hata hivyo, kwenye zege mkaguzi wenu aliangalia, akatoa maoni yake, na maoni yakawa mabaya. Siwadai gharama za baraza. Kenchi na umeme ni jambo jingine, kwa sababu hapo hakuna aliyeangalia.

Madhara yake nayo yaeleweke. Dalali alikuwa ameniambia bei ina maongezi. Nilipokaa na muuzaji, yeye ndiye aliyeifungua ripoti yenu mezani na kuuliza, "Bwana, mnataka nipunguze kwa kosa gani?" Sikuwa na la kumjibu. Mpangaji wangu wa kwanza, kijana anayefanya kazi bandarini, alikuwa amelipa kodi ya miezi sita. Amehama na nimemrudishia kodi iliyosalia, kwani siwezi kumlaza mtu chini ya paa ambalo fundi mwenyewe anaogopa kulikanyaga. Ripoti hiyohiyo imo kwenye jalada la mkopo wangu benki, ikiendelea kushuhudia kwamba paa ni imara.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza nirejeshewe ada yote ya shilingi 650,000, na mlipe gharama ya kukata dari na kulirudishia. Pia mtoe ripoti mpya inayosahihisha ile ya Februari, kwa maandishi na muhuri, niipeleke benki. Halafu nipewe picha halisi zote zilizopigwa siku ile, si zile zilizochaguliwa kuingia kwenye ripoti tu. Kama kuna hata moja iliyopigwa darini, nitaiondoa barua hii na kuwaomba radhi. Mwisho, nipewe namba ya usajili ya mkaguzi wenu. Amesaini kama "mhandisi", lakini sahihi yake haina muhuri wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya 1997 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kujiita hivyo kikazi.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, malalamiko haya nitayapeleka Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mteja aliyeuziwa huduma kwa maelezo ya kupotosha, na suala la muhuri nitalifikisha Bodi.

Sijagusa kenchi wala nyaya hadi sasa. Fundi ametegemeza paa kwa miti tu. Mkitaka kuja kujionea, nipigieni siku moja kabla ili nimjulishe fundi awepo. Tundu la darini sasa lipo, na ngazi nitaazima kwa jirani.

Wenu katika kusubiri majibu,

(sahihi)
Mmiliki wa nyumba, Sahare

Viambatisho: nakala ya ripoti ya Februari, stakabadhi ya malipo, picha za kenchi, taarifa ya fundi umeme.