Jirani anasingiziwa sumu ya paka wetu, na aliyemuua namjua mimi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 47, fundi cherehani, mkazi wa Ngamiani hapa Tanga. Nina mke na watoto watatu. Wakubwa wawili wana maisha yao, amebaki nyumbani wa mwisho, binti wa miaka 10, yuko darasa la nne. Nakuandikia kwa sababu ya paka. Najua ukifika hapo utataka kuiweka barua hii pembeni uchukue ya mwenye ndoa inayovunjika. Nakuomba uvumilie, maana jambo hili limeshatoka kwa paka limefika kwa watu.

Paka wetu tulimwita Bwana Afya. Jina alimpa mke wangu, kwa sababu tangu udogoni kila asubuhi alipita jiko kwa jiko, ananusa, anachungulia chini ya meza, akimaliza anaondoka bila kuaga, utadhani kaja kukagua vyoo. Alituingilia masika ya mwaka 2019, kipaka kimelowa chapachapa, kikajificha kwenye boksi ninamoweka mabaki ya vitambaa. Hakutoka tena. Boksi likawa lake. Nikikanyaga cherehani anakoroma, nikisimama anafungua jicho moja kutaka kujua kulikoni. Sikuwahi kusema nampenda. Watu wakiniuliza nilikuwa najibu kwamba anafukuza panya wasitafune nguo za wateja.

Wiki sita zilizopita, Jumamosi jioni, alirudi anachechemea. Dume mmoja wa barabara ya pili alikuwa amemng'ata paja siku kadhaa nyuma, na jeraha lilikuwa limetunga usaha, mwili unachemka. Nilipomgusa alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Bwana mifugo tunayemfahamu alikuwa msibani Korogwe, simu inaita tu. Mke wangu alikuwa amelala huko kwenye shughuli ya ndugu yake. Binti alikuwa ameshalala.

Kwenye droo ya cherehani huwa naweka vidonge vya parasetamoli kwa ajili ya mgongo wangu. Kazi yetu ni ya kuinama. Binti akipata homa naye tunampa nusu. Nikajiambia, kama nusu inamfaa mtoto, paka mwenye maumivu haya haitamzidi. Nikaisaga kwa kijiko, nikachanganya na supu ya dagaa, nikamnywesha. Kidogo akatema, kingine akameza. Akatulia. Nikajiona tabibu. Saa sita usiku akaanza kulia tena, nikampa ile nusu iliyobaki.

Alfajiri nilikuta uso umevimba kama aliyevamiwa na nyuki, macho yamebaki mistari. Nyayo za mbele zimevimba pia. Udenda unamtoka, anahema mdomo wazi. Nikamfungua midomo nitazame, na fizi zake zilizokuwa za waridi siku zote zilikuwa rangi ya kahawa iliyolala. Binti alipoamka kwenda madrasa akataka kumwona, nikamwambia amelala, asimsumbue. Nikamfunika kwa kipande cha kitenge. Kwa nini sikumbeba nikamtafute mtaalamu mwingine mjini? Najiuliza kila nikikaa pale. Nilidhani ni uchafu wa jeraha unapanda kichwani na kwamba dawa itauwahi. Saa nne alijinyoosha mara moja, basi.

Mke wangu alirudi saa tano akamkuta vile. Alichosema kwanza ni, "Huyu kalishwa sumu!" Na uso ule uliovimba, nani angembishia?

Sasa sikiliza, Shangazi. Jirani yetu wa ukuta mmoja ni mama mjane, anakaanga samaki hapo nje. Bwana Afya alikuwa mteja wake asiyelipa. Siku tatu kabla alikuwa amemkwapulia kibua kizima, na yule mama akapaza sauti mbele ya wanunuzi, "Huyu paka wenu ipo siku mtamwokota!" Hayo ni maneno ya hasira, kila mwenye karai la mafuta mjini hapa ameshayatamka juu ya paka wa mtu. Lakini Jumapili ile watu waliyakumbuka neno kwa neno. Mpaka adhuhuri barabara nzima ilikuwa imeshapata muuaji.

Mimi nilikuwa nimeshika jembe, nachimba chini ya mwarobaini. Niliwasikia. Naapa wakati ule sikuwa na hakika, nilikuwa nahisi tu. Nikanyamaza kwa sababu mdomo ulikuwa mzito. Nikanyamaza pia kwa sababu nilipata nafuu kusikia akitajwa mtu mwingine. Hili la pili sijawahi kulisema popote.

Hakika niliipata siku ya nne. Nina mpwa anayesomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro. Nikampigia, nikamwambia nina rafiki yangu mmoja kampa paka wake parasetamoli, je, kuna ubaya?

"Mjomba," akasema, "huyo rafiki yako kamuua."

Akanieleza taratibu kama mwalimu. Ini la binadamu lina kimeng'enya cha kuichakata dawa hiyo ikatoka na mkojo. Paka anacho kidogo mno, haimtoshi. Dawa inageuka sumu ndani yake, inaharibu damu, damu inakuwa ya kahawia na kushindwa kubeba hewa, ndiyo maana fizi zinabadilika rangi na mnyama anahema. Uso na nyayo kuvimba ni dalili yake hasa. Nilikuwa sijamtajia uso wala nyayo, Shangazi. Alivitaja mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni vipimo. Suruali ya mtu mnene naikata bila kukosea nusu inchi. Nikachukua chaki nikapiga hesabu juu ya meza. Bwana Afya alikuwa na kilo nne hivi. Kidonge kimoja ni miligramu 500. Mpwa anasema hata miligramu 10 kwa kila kilo ya paka zimewahi kuleta madhara, yaani kwa wangu 40. Ile nusu ya kwanza peke yake ilikuwa 250. Na dawa ya kuivunja sumu hiyo ipo, ila inatakiwa mapema, ndani ya saa chache za mwanzo. Saa zile mimi nilikuwa nimekaa nampapasa kichwa, najisifu kwamba ametulia.

Akaongeza kwamba aspirini na ibuprofeni nazo si za kumpa paka kwa kukisia, na kwamba hata dawa ya kupe ya mbwa inaweza kumuua. Nimeyaandika haya kwa urefu makusudi. Ukiitoa barua hii na ikabidi uipunguze, punguza kwingine.

Mwisho akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Mjomba, Bwana Afya hajambo?" Nikakata simu. Nilipompigia tena kesho yake nikasingizia chaji.

Tangu hapo sijalala vizuri. Kijiweni kwenye kahawa mtu mmoja aliniona nimepooza, akauliza, nikateleza nikasema paka wangu kafa. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na kashata. "Paka tu, fundi! Nenda sokoni Mgandini jioni, wamejaa, chagua rangi." Sikuwalaumu, zamani na mimi ningecheka. Baba yangu alipofariki sikutoa chozi mbele za watu, nilikuwa nahangaika na sanda na maturubai. Huyu paka nimemlilia bafuni nimefungulia bomba. Mpaka leo nikiinuka kwenye cherehani naruka boksi kwa mguu wa kulia, na boksi lenyewe nilishaliondoa. Juzi nimefungua bobini nisafishe, nikakuta nywele yake ya rangi ya chungwa imejisokota na uzi mweusi. Nilifunga kazi saa ile, na nilikuwa na sare za wanafunzi za kumaliza.

Lakini huzuni ningeibeba. Ninachoshindwa ni kutazama nje.

Zamani ikifika saa kumi na mbili jioni kwa yule mama palikuwa na foleni. Sasa anakaa anapunga nzi. Mtu anayelisha paka sumu, samaki wake utamla? Wanasema hivyo waziwazi, wanampita wanakwenda kununua kona ya mbali. Mke wangu aligombana naye bombani mpaka kina mama wakaamulia. Yule mama aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu na akamtaja marehemu mumewe, na mke wangu akamjibu kwamba wachawi wote huapa. Niliyasikia kutoka kwenye cherehani, nikaongeza mwendo wa miguu nisisikie zaidi.

Na kuna jambo wasilolijua. Jioni akishaepua karai, mama yule alikuwa na kopo analomwekea Bwana Afya vichwa vya samaki. Anamwita kwa kugonga kijiko. Nilikuwa namwona kila siku kutoka hapa nilipokaa. Shahidi wake wa kwanza ni mimi.

Binti yangu hamsalimii tena. Mtoto niliyemfundisha shikamoo kabla hajajua kuhesabu, sasa akipita pale anageuza uso ukutani. Wiki iliyopita alirudi kutoka madrasa akanieleza somo la siku hiyo. Ustadhi amewasomea hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka, alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. "Baba," akaniambia, na uso umemng'aa kabisa, "kumbe yule mama ni wa motoni." Nilikuwa natia kifungo. Sindano ikaingia kidoleni.

Hadithi hiyo naijua tangu chuoni kwetu Pangani. Najua pia kwamba matendo hupimwa kwa nia, na nia yangu na kile kidonge ilikuwa kumtuliza tu. Juu ya kidonge nina matumaini kwa Mola wangu. Hizi wiki sita za kunyamaza ndizo sina la kusema, kwa sababu zina nia, na nia yenyewe naijua.

Nimeshaamua kusema, Shangazi. Usinishauri juu ya hilo. Ninachokuomba ni kunipangia, maana kila mlango ninaoushika naona nyuma yake kuna mtu atakayeumia.

Nikianza na mke wangu, ataumbuka kwa yale maneno ya bombani, na ninavyomjua atanisihi tuache yafe yenyewe. Huenda nikamkubalia, na hapo ndipo ninapojiogopa. Nikianza na binti, atajua mawili: kwamba dawa ilikuwa mkononi mwa baba yake, na kwamba baba yake alimwacha amchukie mtu bure. La kwanza nadhani atalielewa, tutalia wote yaishe. La pili sijui. Kuna usiku nawaza nimwambie la kwanza tu, la pili alitambue mwenyewe akishakua. Huo nao si uwongo mwingine?

Yule mama ndiye mwenye haki kuliko wote. Lakini nikimfuata ndani kwake nikamnong'oneza, nitakuwa nimejipunguzia mzigo mimi, foleni yake haitarudi. Alisemwa hadharani. Basi nisimame hadharani? Niende kwa mjumbe aite watu, au nikae kijiweni kwa hao hao waliocheka, niseme aliyemuua paka ni mimi? Nikifikiria vicheko vyao magoti yanalegea. Halafu nikimtazama mama anavyopunga nzi, naona aibu ya kuogopa vicheko.

Lingine ni dogo, ila linanisumbua. Shemeji yangu wa Muheza ameahidi kumletea binti kipaka. Mtoto amefurahi, ameanza kutafuta jina. Mimi nimekataa, nikasema tungoje, na hakuna anayeelewa kwa nini. Naona kama sina haki ya kushika kingine kabla sijamaliza hesabu ya huyu. Mke wangu anasema nimekuwa mkatili.

Wiki hii, kila usiku wakishalala, nimekuwa nashona dera. Kitambaa ni changu, kizuri, nilikuwa nimekiweka kwa ajili ya sikukuu. Sina vipimo vya yule mama, nimemkisia kwa macho kutoka hapa. Limekwisha, limebaki pindo la chini. Limo kwenye droo, mule mule mlimokuwa na vidonge. Nilitaka nimpelekee siku nitakayosema, lakini jana nimewaza, si ataona nimekuja kumnunua? Na nikienda mikono mitupu, nitaanzaje kubisha hodi?

Nijibu hilo kwanza kama nafasi ni ndogo.

Fundi,
Ngamiani, Tanga