Barua ya tashkota kutoka Nagoya

Nagoya, Japani

Mamangu mpenzi, Mjomba, na nyote mlioko hapo Kibokoni, Mombasa,

Asalaam aleikum. Mimi sijambo, kazi ya yadi ya magari inaendelea, na baridi imeanza kutuonea huruma. Pesa za mwezi nimeshazituma kwa njia ile ile, Mama. Zikiingia, Rehema anijulishe. Habari zangu ndizo hizo. Barua iliyobaki ni ya Mjomba, kwa hivyo asomewe baada ya Alasiri, kahawa ikiwa karibu, na watoto wanyamazishwe.

Mjomba, ile siku uliniuliza kwenye simu kama nyuzi za tashkota, hicho kinanda chako cha nyuzi na vitufe, bado zinatengenezwa, kwa kuwa fundi amekufungia za gita na chombo sasa kimepoteza sauti yake. Zinatengenezwa. Nimezishika kwa mikono yangu, ziko dukani kwenye pakiti, zile za chuma chembamba na ule mmoja mnene uliozungushiwa waya. Wala si ajabu, maana tashkota imezaliwa kwenye mji huu huu ninaokaa. Mwaka 1912 mtu wa hapa Nagoya aliyeitwa Goro Morita alichukua fikra ya taipureta akaipachika juu ya kinanda cha nyuzi. Unajua mwenyewe inavyokwenda: kitufe kinashuka, kichuma kinaugusa uzi mahali pake, mkono wa kulia unadonoa. Lakini labda hujui kwa nini vitufe vina namba. Ni kwa sababu nyimbo ziliandikwa kwa namba, ili mtu asiyejua noti, asiye na mwalimu, aweze kupiga wimbo wake nyumbani. Kilikuwa kidude cha kurahisishia watu mambo, basi.

Kisha kikasafiri. Kufika Bara Hindi kikaitwa bulbul tarang. Mabulushi wakakirefusha, wakakifanya benju, na leo huwezi kumwambia Mbulushi kwamba si chake. Kwa hivyo ule ubishi wenu wa barazani, wewe ukisema ni ala ya Wahindi na mzee wa Makadara akiapa kuwa ni ya babu zake, uhamishieni Nagoya, nitakuwa hakimu.

Sasa nikupe la maana. Mwenzangu kazini ana mamake ambaye kila wiki huenda ukumbi wa mtaa kupiga taishogoto, ndivyo wanavyoiita wenyewe, pamoja na mabibi wa rika lake. Nikaalikwa. Nilikuta kila mmoja ameilaza ala yake mezani juu ya kitambaa, miwani puani, karatasi ya namba mbele yake. Ziko za sauti nyembamba, za kati na za besi, kwa hivyo kundi zima ni tashkota tupu, hakuna fidla wala ngoma. Wanapiga polepole, kwa adabu, kila sauti inangoja ile ya kabla yake imalizike. Ni muziki mzuri, sikatai, lakini wewe ungesinzia.

Walipopumzika kunywa chai nikaweka simu mezani, nikawafungulia Zuhura Swaleh na kundi lake, chakacha. Tashkota ilipoingia, bibi aliyekaa karibu nami akaweka kikombe chini. Mkono wake wa kulia ukaanza kutikisika hewani, anamtafuta mpigaji anavyodonoa, anaachwa, anaanza tena. Akauliza kwa nini sauti inakwaruza vile. Nikamwambia kwetu imetiwa umeme, kwa sababu lazima isikike juu ya ngoma na vigelegele vya wanawake. Wakacheka wote isipokuwa mwalimu wao, mama mmoja mkali kidogo. Huyo aliomba wimbo urudiwe, akainamisha sikio mpaka kwenye simu, kisha akataka kujua nyuzi zimelinganishwa vipi. Swali hilo ni lako, Mjomba. Nirekodie kwa WhatsApp, uzi mmoja mmoja, nimpelekee.

Nakuandikia haya kwa kirefu kwa sababu Rehema alinisimulia walivyokucheka vijana wa kinanda cha umeme kwenye ile harusi, ati umekuja na mchezo wa watoto. Waambie mchezo wa watoto upo, na upo huku.

Kuna kitu kinaitwa Otamatone. Kilitoka mwaka 2009, kimetengenezwa na kundi la wasanii wanaojiita Maywa Denki. Kina umbo la noti ya muziki, na kwenye kichwa cha noti kuna uso wenye macho mawili na mdomo wa mpira. Mkono mmoja unateleza juu ya shingo kuchagua sauti, mwingine unaminya mashavu ili mdomo ufunguke. Kinalia kama mtoto anayelilia nyonyo. Niliazima cha mwenzangu, dakika kumi nilicheka, baada ya hapo nilitaka kukitupa dirishani. Wapo lakini wanaokipiga mpaka unasahau kucheka, na hao ndio walionichanganya akili.

Hamamatsu, mji ulio njiani ukienda Tokyo, ndiko kwenye makao ya Yamaha na Kawai, watengenezaji wa ala za muziki. Huyo Torakusu Yamaha mwenyewe alianza hapo mwaka 1887 kwa kutengeneza ogani ya shule iliyoharibika, kwa hivyo usimdharau fundi wa kutengeneza. Mji una jumba la makumbusho la ala za muziki za dunia nzima, na kipo chumba ambacho mgeni anaruhusiwa kuzipiga. Nilishinda humo. Lakini lililonishika zaidi kuhusu mji ule ni yule bwana anayeitwa Masami Takeuchi. Yeye alichukua theremin, ala ya Mrusi Leon Theremin ya miaka ya 1920 hivi, ambayo haiguswi kabisa: unasogeza mkono karibu na chuma chake, sauti inapanda, unauondoa, inashuka. Takeuchi akaificha ndani ya yule mwanasesere wa mbao wa Kirusi. Sasa piga picha: ukumbi mzima wa watu, kila mmoja amempakata mwanasesere kwa mkono mmoja, na mwingine wanaupungia juu ya kichwa chake, hawagusi kitu, na muziki unatoka. Mwaka 2013 walikusanyika hivyo mamia, hapo hapo Hamamatsu. Mama angesoma Ayatul Kursi.

Hakuna uchawi. Ndani mna mitambo miwili midogo inayotetema kwa kasi isiyosikika na sikio. Mwili wa mtu unashika umeme kidogo, kwa hivyo mkono ukikaribia, mtambo mmoja unabadilika kasi, na tofauti ya hizo kasi mbili ndiyo sauti tunayoisikia. Ugumu wake ni kwamba hakuna kitufe, hakuna uzi, hakuna pa kushikia. Ukipiga chafya umetoka kwenye wimbo.

Na madereva wa familia hii nao wasikilize. Huku zipo barabara zinazoimba. Hokkaido, bwana mmoja, Shizuo Shinoda, alikwaruza lami kwa tingatinga bila kukusudia, halafu akagundua kwamba gari likipita juu ya mikwaruzo ile linatoa sauti. Sasa wanachonga mifereji kwa makusudi: ikikaribiana sauti inapanda, ikiachana inashuka. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mifereji iliyoachana sentimita 3 hivi inakupa sauti ya kati ya kike. Ipo moja kwenye njia ya kupanda Mlima Fuji. Ukikimbia, wimbo unakimbia na kupanda juu; ukienda pole, unazama. Nikafikiria matatu za Likoni. Huo wimbo ungefika kivukoni umekwisha kuwa chakacha, na utingo anadai nauli juu yake.

Mama, chako kipo pia, sikukusahau. Kwenye bustani za kale za huku wanafukia mtungi kifudifudi ardhini, wenye tundu juu. Maji ya kunawia mikono yanapenya kwenye mawe, yanadondoka tone moja moja ndani, chini kumetuama maji kidogo, na mtungi unalia kengele. Anayepita juu haoni chochote. Jina lake ni suikinkutsu, lina karne kadhaa. Mtungi wako ule wenye ufa mdomoni, ulioko ukumbini, usiuuze kwa yule Mzungu wa vitu vya kale. Nikija tutaufukia uani, tujaribu.

Ila usidhani sisi ndio peke yetu tunaostaajabu. Niliwaonyesha wenzangu wa yadi video ya arusi ya binti wa Mama Mkubwa, pale wanawake walipotoa vugo. Waliisimamisha video. Pembe za nyati? Zinagongwa kwa kijiti? Na wanawake? Mmoja akataka kujua zinanunuliwa duka gani. Kisha wakaona kayamba, wakauliza ndani mna nini, nikasema mbegu, wakaanza kubishana wao kwa wao mbegu za aina gani. Saa ya chakula ikaisha hatujala.

Basi Mjomba, mambo ya kufanya ni haya. Pima uzi kutoka kule unakofungwa mpaka kwenye kifungo cha kukazia, kwa sentimita, si kwa shubiri. Hesabu nyuzi ni ngapi, na uniambie upi ni mnene. Igeuze tashkota, Rehema apige picha ya mgongo na ya kile kijisahani chenye maandishi ya Kijapani, mwenye duka ayasome. Vitufe viwili vilivyovunjika usivitupe, navyo avipige picha upande wa chini, ndipo penye tofauti. Ile sehemu inayonasa sauti kwa umeme usiiguse kabisa, na yule fundi wa nyuzi za gita asiisogelee.

Kuna kijana wa Majengo anarudi nyumbani kabla ya Ramadhani. Ana nafasi ndogo kwenye begi lake, nyuzi zitaenea. Otamatone nayo nimemnunulia mtoto wa Rehema. Rehema, samahani mapema, na mlango wa chumba ufunge.

Wasalaam,
Mwanenu na mpwa wako,
Athumani